Msiwafundishe vijana kubandika data zao kwenye klasi za watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu ushauri uliotolewa kwenye ukurasa wenu wa teknolojia kwa kijana wa Tororo. Kijana yule aliuliza swali zuri, tena la kikazi. Anatengeneza programu ya simu yenye ramani, na anataka kila alama kwenye ramani ibebe taarifa zake mwenyewe: jina la mwenye duka, namba yake ya simu, siku aliyopelekewa mzigo mara ya mwisho. Tatizo ni kwamba klasi ya alama, yaani kiolezo kinachotaja sifa na kazi za kila alama, si yake. Ni ya maktaba ya ramani, yaani msimbo wa programu ulioandikwa na wengine ili watu wautumie, na klasi hiyo haina sifa inayoitwa mwenye duka. Afanyeje? Akajibiwa achukue msimbo wa maktaba, aunakili ndani ya mradi wake na aongeze sifa anazozitaka. Akiona kazi hiyo ni kubwa, atumie kiendelezi, yaani msimbo wa kuiongezea klasi uwezo mpya kutoka nje.

Sikubaliani na jibu hilo. Naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu najua wanafunzi wa vyuo hapa Uganda huusoma ukurasa ule na kuufuata siku hiyo hiyo, na msimbo ukishaingia kwenye simu za watu hautoki kirahisi.

Mimi natengeneza programu za simu hapa Mbale. Kazi yangu kubwa ni programu ya makarani wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kuanzia Bududa na Sironko hadi kupanda Kapchorwa. Ushirika wa kahawa huku ni wa tangu zamani. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954, na mkulima wa huku anajua kwamba haki yake iko kwenye daftari la karani. Programu yetu ni daftari hilo likiwa na ramani. Kila kituo cha kununulia kina alama yake, na anayeigusa anataka kuona nani anashika mizani leo, kilo ngapi za kahawa mbivu zimepokelewa, magunia mangapi yanasubiri gari, na kama barabara inapitika. Hilo la barabara si dogo. Watu wa huku wanayakumbuka maporomoko ya Bududa ya Machi 2010, na mvua ikizidi dereva haondoki mjini kabla hajaitazama ramani.

Katika timu yetu yuko Mmasaaba, yuko Mwacholi wa Gulu, na yuko Mbukusu kutoka Bungoma ng'ambo ya mpaka. Msimbo tunaujadili kwa Kiswahili, na gazeti hili tunalisoma sote. Ndiyo maana barua hii imekuja kwenu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Kwenye Android, klasi ya alama ya Google Maps inaitwa Marker, na walioiandika hawakuiandaa ili uirithi. Maana yake usitegemee kuandika klasi yako ya kituo inayotokana na Marker kisha ukaiongezea sifa ya kilo. Tena alama zenyewe huziundi wewe. Unaipa ramani maelezo ya mahali na picha, nayo inakurudishia alama iliyokwisha kuundwa. Kwa hiyo hata urithi ungeruhusiwa, ramani isingejua namna ya kuunda klasi yako. Vijana wengi hukwama hapo, na mtu aliyekwama hupokea ushauri wowote.

Nianze na huo wa kunakili maktaba. Kwa Google Maps hauwezekani kabisa, kwa sababu msimbo wake wa Android hautolewi kwa umma. Unachopewa ni faili ambazo tayari zimepita kwenye kompaila, programu inayougeuza msimbo uweze kuendeshwa na mashine. Kwa maktaba huria unawezekana. Maktaba ya osmdroid, kwa mfano, ina leseni ya Apache 2.0, ambayo inakuruhusu kubadilisha msimbo mradi uonyeshe faili ulizozibadilisha na uache matangazo ya leseni yalivyokuwa. Leseni haikuzuii. Shida inaanza mwezi unaofuata, waandishi wa maktaba wanapotoa toleo jipya lenye marekebisho ya usalama. Wenzako wanabadilisha namba moja kwenye faili ya mradi na kuendelea na kazi. Wewe inabidi ukae chini ulinganishe msimbo wao na wako, faili kwa faili, ujue lipi lao na lipi lako, kwa ajili ya sifa tatu ulizoongeza.

Na duka la programu halikusubiri. Tangu mwaka 2018 Google Play inazitaka programu zilenge matoleo ya karibuni ya Android, na kiwango hicho hupandishwa kila mwaka. Google ikatangaza pia kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba 2025 programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 na kuendelea lazima yafanye kazi kwenye simu zinazogawa kumbukumbu yake katika vipande, viitwavyo kurasa, vya kilobaiti 16. Maktaba za ramani kama MapLibre zina sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C++, na sehemu hizo ni lazima zijengwe upya ili kutimiza sharti hilo. Aliyeichukua maktaba kama ilivyo anasubiri toleo jipya. Aliyeinakili na kuibadilisha anaijenga mwenyewe, na C++ ya ramani si kazi ya jioni moja.

Ushauri wa pili, wa kiendelezi, unavutia zaidi kwa sababu una ukweli nusu. Lugha za kisasa za simu zinakuruhusu kuiongezea klasi ya mtu mwingine uwezo mpya bila kuigusa. Kotlin ya Android inaruhusu, Swift ya Apple inaruhusu, na Dart, ambayo ndiyo lugha ya Flutter, zana ya kutengeneza programu za simu, imeruhusu tangu toleo la 2.7 la Desemba 2019. Lakini zote tatu zina mpaka mmoja: kiendelezi kinaongeza kazi ya kufanya au sifa ya kukokotoa, hakiongezi mahali pa kuhifadhi. Ukiandika kwenye Swift kiendelezi chenye sifa inayohifadhi namba, kompaila inakikataa. Kwenye Kotlin unaweza kuandika sifa ya kiendelezi, ila huwezi kuipa thamani ya kuanzia, kwa kuwa hakuna sehemu ya kuiweka. Dart nayo haikubali sehemu ya kuhifadhi ya kila obyekti, yaani kila kitu kimoja kilichoundwa kutokana na klasi, ndani ya kiendelezi.

Kijana akikutana na hilo hudhani lugha inamwonea. Haimwonei. Obyekti ya klasi inapoundwa, hupewa nafasi kwenye kumbukumbu ya simu kulingana na sifa zilizotajwa na mwandishi wa klasi, na nafasi hiyo imekwisha kupangwa: sifa hii inaanza hapa, ile pale. Wewe umekuja baadaye, maktaba ikiwa imekompailiwa zamani, na msimbo wa ndani yake unaunda obyekti hizo bila habari yoyote kwamba upo. Hakuna atakayekuachia nafasi ya kilo zako. Kiendelezi chenyewe, ukikifungua, ni msimbo wa kawaida unaopokea obyekti kama mgeni mwingine yeyote, ila umeandikwa kwa namna inayopendeza macho. Mwalimu akilieleza hili mwanzoni, mwanafunzi hatapoteza wiki akitafuta hila.

Maana hila zipo, na huko ndiko ninakoogopa watu watakakoelekea wakishakataliwa na kompaila. Kwenye simu za Apple kuna objc_setAssociatedObject, iliyopo tangu iOS 3.1, inayokuwezesha kufungamanisha thamani na obyekti ya mtu mwingine wakati programu inaendelea. Dart ina Expando. Kwenye Java watu hutumia WeakHashMap, jedwali ambalo ufunguo wake ni ile obyekti ya maktaba. Zote ni zana halali na zimeandikwa na watu wanaojua kazi. Lakini zina masharti, na masharti hayo hayaonekani kwa anayesoma msimbo baada yako.

Chukua WeakHashMap. Anayeitumia anaamini kwamba alama ikiondolewa kwenye ramani, taarifa zake nazo zitaondoka zenyewe. Zitaondoka tu ikiwa taarifa hizo hazishikilii alama ileile. Ukiweka ndani ya taarifa za kituo kiungo cha kurudi kwenye alama yake, na karibu kila mtu hufanya hivyo kwa urahisi wa kazi, basi thamani inaushikilia ufunguo, ufunguo hautoki, na kumbukumbu inajaa. Zaidi ya hapo, jedwali hilo hulinganisha funguo kwa equals na hashCode, kazi ambazo klasi hutumia kuamua kama vitu viwili ni sawa, si kwa kuangalia kama ni obyekti ileile. Klasi ikihesabu usawa kwa yaliyomo, na yaliyomo yakabadilika, taarifa zako zimo ndani ya jedwali lakini huzipati tena.

Msomaji asidhani haya ni ya wanafunzi peke yao. Android yenyewe iliwahi kukwama hapo. Njia ya setTag yenye ufunguo, iliyowekwa kwenye klasi ya View, ile ya vitu vinavyoonekana kwenye skrini, ili watengeneza programu wabandike chochote wanachotaka, ilikuwa kabla ya Android 4.0 ikihifadhi vitu hivyo katika jedwali moja la pamoja lililozishikilia thamani kwa nguvu. Ukibandika kitu chenye uhusiano na ukurasa wa programu, ukurasa mzima unabaki kwenye kumbukumbu hata baada ya mtumiaji kuufunga. Ilibidi watengeneza programu waonywe waziwazi wasiitumie hivyo kwenye simu za matoleo hayo.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Makarani wetu hawana simu za bei kubwa. Wengi wana zile zenye gigabaiti moja au mbili za kumbukumbu, na Google ilipotangaza Android Go mwaka 2017 ilikuwa ikiwalenga hasa watu wenye simu za gigabaiti moja kushuka chini. Kwenye simu kama hiyo kumbukumbu inayovuja inaonekana kabla ya saa sita mchana. Karani anatoka kidogo kupokea simu, Android inaifunga programu iliyo nyuma ili kupata nafasi, naye akirudi anakuta ukurasa umeanza upya, na foleni ya wakulima iko mbele yake.

Kuna hila nyingine ambayo haihitaji hata zana maalum, nayo ndiyo nimeiona ikileta madhara makubwa. Tuliwahi kupewa programu iliyotengenezwa na kampuni moja, sitaitaja, ili tuiendeleze. Alama ya Google Maps ina kichwa na ina maandishi mafupi ya chini yake, yale yanayotokea kwenye kidirisha mtumiaji akiigusa. Waliotangulia walikuwa wameyageuza maandishi hayo kuwa ghala: jina la karani, namba ya simu, kilo, fedha inayodaiwa, vyote vimeunganishwa kwa alama za mkato, kisha msimbo unavitenganisha. Kituo kimoja jina lake lilikuwa na alama ya mkato ndani yake. Kuanzia hapo kila kitu kikasogea nafasi moja, fedha zikasomeka mahali pa kilo. Na kwa kuwa kidirisha kile kazi yake ni kuonyesha maandishi, kwenye ukurasa ambao mtu alisahau kukizima mkulima yeyote aliyeshika simu aliona namba ya karani na deni la jirani yake.

Hilo si suala la msimbo tu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na mtu ana haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Mkulima akija kuomba hivyo, nitazifutaje ikiwa namba yake imetapakaa kwenye maandishi ya alama, kwenye jedwali la pembeni na kwenye obyekti za maktaba ambazo sijui zinaishi muda gani? Taarifa za watu lazima ziwe mahali pamoja, panapojulikana, penye msimbo wetu wenyewe.

Sasa waandishi wengi wa maktaba wanalijua hitaji hili, na wameliacha wazi kwa heshima. Marker ya Android ina setTag, inayopokea kitu chochote kimoja unachotaka kukiambatanisha. Alama ya Google Maps kwenye iOS ina userData, na nyaraka zake zinasema maktaba haiisomi wala haiiandiki, ni yako. Osmdroid ina setRelatedObject. Kwa hiyo jibu la haraka kwa kijana wa Tororo lilikuwepo tayari ndani ya maktaba, bila kunakili hata mstari mmoja. Nasikitika kwamba ukurasa wenu haukulitaja.

Ila hata nafasi hiyo ina adabu yake. Nyaraka za Android zinakukumbusha kwamba ni wajibu wako kuiondoa tag, yaani kile ulichokiambatanisha kwa setTag, usipoihitaji tena, kumbukumbu isivuje. Nyaraka za iOS zinakuonya usiweke ndani ya userData kitu kinachoishikilia obyekti ya ramani kwa nguvu, maana vitashikiliana na hakuna kitakachoachiwa. Na kuna hili ambalo wengi hawalisomi: ramani ya Android inaporejeshwa kutoka hali iliyohifadhiwa, alama zilizokuwepo zinarudi, lakini zikiwa obyekti nyingine. Kilichobaki kilekile ni kitambulisho cha alama. Aliyejenga kila kitu chake juu ya obyekti ile ya kwanza anabaki ameshika kitu ambacho hakipo tena kwenye ramani.

Kwa sababu hiyo sisi tunaweka kwenye tag kitu kimoja tu, kitambulisho cha kituo. Karani wa kahawa hufanya hivyohivyo tangu zamani: haandiki habari zote za mkulima juu ya gunia, anafunga kibandiko chenye namba, na habari ziko kwenye daftari. Gunia likichanika, kahawa inahamishiwa gunia jingine kwa namba ileile.

Daftari letu ni klasi inayoitwa Kituo. Ni yetu, tumeiandika wenyewe, na ndani yake mna jina, karani wa zamu, kilo, magunia, hali ya barabara na saa ya taarifa ya mwisho. Inahifadhiwa kwenye hifadhidata ya SQLite ndani ya simu ili ifanye kazi hata mtandao ukikatika, na huku milimani hukatika kweli. Kituo hakijui chochote kuhusu Google Maps. Hakina Marker ndani yake, hakina picha ya alama, hakina rangi. Pembeni yake kuna klasi nyingine ndogo, kazi yake ni kupokea orodha ya vituo na kuichora kwenye ramani, na ni hiyo peke yake katika programu nzima inayoijua maktaba ya ramani. Alama ikiguswa, klasi hiyo inasoma kitambulisho kutoka kwenye tag, inakitafuta Kituo, na kuukabidhi ukurasa unaohusika Kituo, si alama.

Hapo ndipo kiendelezi kinapata kazi yake halali. Kwenye Kotlin tumeandika sifa ya kiendelezi juu ya Marker inayosoma tag na kuirudisha ikiwa kitambulisho cha kituo, ili msimbo usomeke vizuri. Inakokotoa, haihifadhi kitu.

Kuna maktaba zilizokwenda mbali zaidi, na hizi nazipenda kwa moyo wote. MapKit, maktaba ya ramani ya Apple, haikupi klasi ya alama ujaze. Inakupa mkataba, MKAnnotation: chochote chenye mahali kwenye ramani, na ukipenda kichwa na kichwa kidogo, kinakubaliwa. Unaleta klasi yako mwenyewe ikiwa na sifa zako zote, unatimiza mkataba, na ramani inaichora. Alama ikiguswa, unarudishiwa klasi yako ileile. Maktaba ya nyongeza ya Google ya kukusanya alama zilizosongamana kwenye Android hufanya vivyo hivyo kwa mkataba wa ClusterItem. Pale swali la kijana wa Tororo halitokei kabisa. Kama kuna msomaji anayepanga kutoa maktaba yake kwa umma, na Kampala wapo, namwomba aige huo mtindo: wape watu mkataba, au angalau waachie nafasi moja ya kuambatanisha kitu chao.

Faida ya kutenganisha tuliiona kwa wengine kabla ya kuihitaji sisi. Desemba 2020 kampuni ya Mapbox ilibadilisha leseni ya maktaba yake ya ramani za wavuti, ikaacha kuwa huria, na watu walioitegemea wakaanzisha MapLibre kutokana na toleo la mwisho lililokuwa huria. Baadaye MapLibre ikawa na maktaba za simu pia. Fikiria programu ambayo kila ukurasa wake unashika alama za maktaba moja zikiwa zimebandikwa data za biashara. Maktaba ikibadilisha masharti, unabadilisha programu nzima. Mwenye klasi yake anaandika upya ile klasi ndogo ya kuchora, basi. Mwaka huu tunajaribu ramani za OpenStreetMap kwa ajili ya maeneo ya juu, na Kituo hakijabadilika hata herufi moja.

Wanaotumia React Native, zana ya kutengeneza programu za simu kwa lugha ya JavaScript, watasema hayo hayawahusu, kwa sababu JavaScript inakuruhusu kuongeza sifa kwenye obyekti yoyote, ya yeyote, wakati wowote. Inaruhusu kweli. Lakini wasome yaliyotokea Machi 2018. Maktaba ya zamani iitwayo MooTools ilikuwa imeiongezea klasi ya Array ya JavaScript kazi yake yenyewe, kwa jina flatten. Miaka mingi baadaye wasimamizi wa lugha walitaka kuleta flatten rasmi, yenye tabia tofauti kidogo. Firefox ya majaribio ilipoiweka, tovuti iliyokuwa ikitumia MooTools ikaharibika, kwa namna MooTools ilivyozinakili kazi zake kutoka Array kwenda kwenye klasi nyingine. Baada ya mabishano, lugha nzima ikarudi nyuma, na kazi hiyo ikaingia rasmi mwaka 2019 kwa jina flat. Maktaba moja ilibandika jina kwenye klasi isiyo yake, na dunia nzima ya JavaScript ikalikosa jina hilo. Apple nao kwa Objective-C huwashauri watu watangulize herufi zao maalum kwenye kila jina wanaloliongeza juu ya klasi za mfumo, kwa sababu majina mawili yakigongana haijulikani lipi litatumika.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni kwamba mchapishe marekebisho kwenye ukurasa wa teknolojia, si hapa kwenye barua peke yake, kwa maana wanaousoma ule si lazima wausome huu. Na kwa wanaofundisha uandishi wa programu katika vyuo vyetu, kuanzia Kampala hadi huku Mbale: somo la kwanza la kutumia maktaba ya watu liwe kusoma nyaraka za klasi husika hadi mwisho. Ukisoma orodha ya kazi za Marker kwa utulivu unaikuta setTag yenyewe. Mitihani inawauliza wanafunzi maana ya urithi, ni sawa, lakini wachache wanafundishwa kuamua kitu gani kiwe mali ya programu yao na kipi kibaki cha maktaba, wakati huo ndio uamuzi watakaoufanya kila wiki wakianza kazi.

Nawe mdogo wangu wa Tororo, kama bado hujaanza kunakili, usianze. Andika klasi yako ya duka, iwe na kitambulisho. Weka kitambulisho hicho peke yake kwenye tag ya alama. Andika klasi moja ya kuchora na uhakikishe hakuna ukurasa mwingine unaoingiza maktaba ya ramani. Ukiiondoa alama kwenye ramani, iondoe na tag. Ramani ikirejeshwa, chora upya kutoka kwenye hifadhidata yako, usizitegemee alama za mwanzo. Ukikwama kwenye hilo la kurejesha, ambalo ndilo gumu kuliko yote, mwandikie mhariri naye anifikishie. Nitakujibu kupitia ukurasa huu.

Wenu,
Mtengenezaji wa programu za simu,
Mbale, Uganda